Funga daftari kwanza: hotuba kwa wafinalisti wa Katuba

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu katika ukumbi wa parokia, Katuba, jijini Lubumbashi, Kongo, mbele ya wafinalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari), wazazi na walimu. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wenzangu, akina baba na akina mama mlioacha kazi zenu za Jumamosi, nanyi wanangu wafinalisti ambao ndio hasa mlioitiwa mkutano huu: jambo kwenu nyote. Kamati ya wazazi imeniomba nizungumze juu ya namna ya kudurusu masomo kabla ya Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, na imeniomba pia nisiwe mrefu. Ombi la kwanza nitalitimiza. La pili tutaliona.

Mtihani wenyewe mnaujua. Tangu mwaka 1967, mfinalisti wa Lubumbashi, wa Kananga na wa Mbandaka wanakaa mbele ya mtihani mmoja, unaosahihishwa mbali na macho ya mwalimu aliyewafundisha. Hutangulia sehemu ile ya mwanzo yenye insha ya Kifaransa, kisha huja siku nne za itemu, yaani maswali ya kuchagua jibu: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya sehemu ambayo kila mmoja aliichagua. Sitakaa hapo, kwa sababu walimu wenu wamekwisha kuwaeleza na watawaeleza tena. Ninachotaka kukizungumzia ni hii miezi michache iliyobaki, na hasa zile saa za jioni ambazo mzazi anamwona mtoto ameinamia daftari, naye anaamini kwamba kazi inafanyika.

Niambieni, wanangu: nani kati yenu alisoma jana jioni? Inueni mikono, msiogope. Vizuri, ni wengi. Sasa ninyi mlioinua mikono, bila kufungua daftari na bila kumtazama jirani, kila mmoja ataje moyoni mwake mambo matatu aliyoyasoma jana. Siyo jina la somo, siyo kichwa cha sura. Mambo matatu yenyewe. (Ukumbi ulinyamaza kwa muda.) Naona mikono inashuka. Akina mama, msicheke, maana hata sisi walimu tungeulizwa hivyo tungeshusha yetu.

Je, vijana hawa wamedanganya? Hapana. Wamesoma kweli. Macho yamepita juu ya kila mstari, vidole vimefungua kila ukurasa, mshumaa umeisha. Lakini kusoma tena kilichoandikwa ni kazi ya macho, na mtihani hauyaulizi macho. Mtihani unauliza: unaweza kukitoa kichwani wakati daftari halipo? Basi kudurusu ni kufanya zoezi hilo hilo la kutoa. Na zoezi la kutoa halianzi mpaka daftari limefungwa.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha sayansi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha likaketi mara tatu na karatasi tupu kuandika kila lilichokikumbuka, bila kuruhusiwa kutazama tena. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Mkisimamisha hadithi hapo, mtasema kwamba kusoma tena kumeshinda. Lakini wanafunzi wengine wa makundi hayo hayo walipimwa baada ya wiki moja: waliosoma mara nne walikumbuka kama asilimia 40 ya kifungu, na wale wa karatasi tupu asilimia 61. Na wale wa mara nne ndio waliokuwa na uhakika mkubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Sikilizeni hapo, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wenye bidii wanapotelea. Aliyesoma mara nne anajisikia vizuri. Maneno amekwisha kuyazoea, kila mstari unamsalimia kama jirani, naye anajiambia: hili nalijua. Aliyefunga daftari na kujiuliza anajisikia vibaya. Anakwama, anajikuna kichwa, anaandika nusu, anajiona mjinga. Mwanangu, ile taabu ya kukwama ndiyo kazi yenyewe. Ukimwona rafiki yako anasoma kwa raha na wewe unasoma kwa kutoka jasho, usimwonee wivu.

Mtaniuliza: na zile kalamu za rangi ya manjano, ambazo mtoto alimlazimisha mama anunue mjini? Mwaka 2013, kundi la watafiti likiongozwa na John Dunlosky, wa chuo kikuu cha Kent State, lilipima njia kumi za kujifunza ambazo wanafunzi huzitumia. Kupiga mistari na kupaka rangi kuliwekwa miongoni mwa njia zenye faida ndogo, pamoja na kusoma tena. Mbili tu ndizo zilizopewa daraja la juu: kujipima mwenyewe, na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali. Mama, fedha za kalamu ya manjano zinunulie karatasi.

Sasa niwape mfano wa hapa kwetu. Mimi nafundisha kemia, na huwa nasaidia katika biolojia. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana wa sehemu ya sayansi, ambaye mama yake huuza mboga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Binti huyo aliweza kutoa maana ya osmosi kwa Kifaransa, neno kwa neno kama ilivyo katika daftari, hata mahali pa koma alipumzika. Nikamwambia: nieleze sasa kwa Kiswahili, kama unavyomweleza mama yako. Akanyamaza. Nikamtuma nyumbani, nikamwambia asirudi na maana ya daftari. Arudi akiwa amemweleza mama, na mama awe ameelewa.

Jumapili mama alikuwa jikoni anakatakata kabeji. Akaweka chumvi, akafunika beseni, na baada ya muda alipofunua kulikuwa na maji chini. Binti akamwuliza: mama, maji haya yametoka wapi, nawe hukuweka maji? Mama akajibu kwamba ndivyo kabeji ilivyo. Basi binti akaanza. Akasema kwamba ndani ya kabeji kuna vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kina ngozi nyembamba inayoruhusu maji kupita lakini inazuia chumvi; na kwamba chumvi ikizidi upande wa nje, maji hutoka upande ambako vitu vilivyoyeyuka ni vichache, yakaenda upande ambako ni vingi. Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifundisha: kwa hiyo nikiweka kabeji katika maji yasiyo na chumvi, itayanywa yale maji? Ndiyo maana tukiloweka mboga iliyonyauka inasimama tena? Jumatatu binti alinieleza osmosi kwa Kiswahili, kwa mikono yake miwili, kisha akaieleza kwa Kifaransa chake mwenyewe, kifupi kuliko kile cha daftari, lakini hakukuwa na neno hata moja asilolijua.

Naomba mtazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa mji huu kuliko linavyomhusu mwanafunzi wa Paris. Watoto wetu wanawaza kwa Kiswahili na wanatahiniwa kwa Kifaransa. Katikati ya hizo lugha mbili kuna pengo, na katika pengo hilo sentensi zinaweza kukaririwa kama kasuku kwa miaka sita bila mtu kugundua kwamba hazina kitu ndani. Kwa hiyo kila somo lipite mara mbili. Kwanza funga daftari, ujieleze kwa Kiswahili. Ukishindwa, basi hukuelewa, fungua urudie. Kisha funga tena, uandike kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani hautakupa maksi kwa Kiswahili chako, hata kiwe kizuri namna gani, na maneno ya kisayansi yana tahajia yake. Mwenye kuruka hatua ya kwanza anakuwa kasuku, na mwenye kuruka ya pili ataelewa kila kitu nyumbani akose maneno mbele ya karatasi.

Kuhusu insha nitasema kwa ufupi tu. Hakuna aliyejifunza kuandika kwa kusoma insha za wengine. Chukua kichwa cha insha, funga kila kitu, jipe dakika kumi za kuandika mpango peke yake: unatangulia na nini, hoja zipi, mifano ipi. Fanya hivyo mara nyingi. Na mara moja kwa wiki mbili andika insha nzima, umpelekee mwalimu wa Kifaransa aisahihishe kwa kalamu nyekundu. Atalalamika kwamba ana kazi nyingi. Mpelekee tu.

Jambo la pili ninalotaka kulisema linahusu kusahau. Wazazi wengi huja kwangu wakasema: mwalimu, mtoto wangu ana kichwa kibovu, jambo alilolijua wiki iliyopita leo halijui. Ninawajibu: mzazi, hicho ndicho kichwa cha binadamu. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alijifunza kwa moyo orodha ndefu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha baada ya muda fulani akajifunza upya orodha zile zile, na kupima ni kiasi gani cha kazi alichookoa kwa sababu ya kujifunza mara ya kwanza. Baada ya saa moja aliokoa chini ya nusu. Baada ya siku moja, kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja ya tano. Mnaona jinsi anguko lilivyo kubwa katika saa za mwanzo, halafu linavyopungua kasi? Mtu huyo alikuwa msomi wa Berlin, na hakuna mzazi aliyemwambia ana kichwa kibovu.

Dawa yake ni kurudi, lakini kurudi kwa nafasi. Saa tatu za somo moja katika usiku mmoja hazilingani na saa moja moja katika siku tatu zilizoachana, ingawa saa ni zile zile na mshumaa ni ule ule. Ukiwa umesoma elektrolisisi, yaani kutenganisha vitu kwa umeme, leo Jumamosi, jiulize tena Jumatatu, kisha Jumamosi ijayo, kisha baada ya wiki mbili, kisha mwezi wa tano. Kila unaporudi utakuta umesahau kidogo, na kila mara utakikamata kwa nguvu zaidi. Anayengoja mpaka amesahau kabisa anaanza upya, na anayerudi papo hapo baada ya kusoma anapata faida ndogo, kwa kuwa karibu hakuna kilichokuwa kimeanza kumponyoka.

Mtu atauliza: nitakumbukaje tarehe zote hizo kwa masomo yote? Usizikumbuke. Tafuta kasha la viatu. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa Kijerumani, Sebastian Leitner, alieleza njia ambayo mtoto yeyote wa Katuba anaweza kuitumia bila kununua chochote. Kata karatasi za daftari la zamani ziwe vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika swali, upande mwingine jibu. Gawa kasha kwa vipande vya katoni, upate vyumba vinne au vitano. Maswali yote yanaanza chumba cha kwanza, ambacho unakipitia kila siku. Ukijibu sawasawa, karatasi inahamia chumba cha pili, ambacho unakipitia kila baada ya siku mbili au tatu. Ukijibu tena sawasawa, inahamia cha tatu, cha kila wiki. Na kuendelea hivyo. Ukikosea, hata kama karatasi ilikuwa imefika chumba cha mwisho, inarudi cha kwanza bila huruma. Baada ya wiki chache kasha lenyewe litakuonyesha kile usichokijua, na hutapoteza jioni nzima kujisomea yale unayoyapenda. Maana ndivyo tulivyo: mwenye kupenda historia anadurusu historia, na hisabati anaisalimia kwa mbali.

Lakini nawaonya juu ya jambo moja katika hizo karatasi. Andika maswali yako mwenyewe. Nimeona vijana wakinunua karatasi zilizoandikwa na wengine, au wakipiga picha za kasha la rafiki kwa simu. Kutunga swali ni nusu ya kujifunza, kwa sababu huwezi kuliuliza vizuri jambo usilolielewa.

Tatu, na hapa wale wa sayansi na wa ufundi umeme wakae vizuri, changanyeni mazoezi. Nawapa mfano wa shaba, kwa sababu hakuna mtu wa Katanga anayeweza kusema kwamba shaba haimhusu. Katika elektrolisisi ya shaba, kama ile iliyofanyika kwa miaka mingi huko Shituru, Likasi, shaba safi hukusanyika kwenye kathodi, moja ya zile ncha mbili ambako umeme huingia na kutoka, na kathodi hiyo imeunganishwa na upande hasi wa chanzo cha umeme. Katika pile, yaani betri inayotengeneza umeme wake yenyewe, kathodi ndiyo upande chanya. Kila mwaka ni vita. Nikifundisha elektrolisisi wiki hii na kutoa mazoezi ya elektrolisisi, darasa zima linapata. Nikifundisha pile wiki inayofuata na kutoa mazoezi ya pile, darasa zima linapata. Nikichanganya mazoezi kumi, matano ya huku na matano ya kule, bila kuandika juu yake ni ya nini, wanaanza kutazamana. Kwa nini? Kwa sababu walipokuwa wakifanya mazoezi ya sura moja hawakuhitaji kujiuliza: hili ni swali la aina gani? Sura ilikuwa imekwisha kuwajibia. Mtihani hautawajibia. Hapo itemu ya pile inakaa karibu na itemu ya asidi, na chini yake ni ya kemia ya kaboni, na mtahiniwa lazima ajue mwenyewe ni mlango gani wa kubisha. Aliyechanganya mazoezi nyumbani analazimika kushika lile lisilobadilika, kwamba kathodi, iwe ya huku au ya kule, ndipo elektroni hupokelewa. Na akilishika hilo, alama za chanya na hasi hazimtishi tena.

Katika hisabati ni hivyo hivyo. Watu kumi wako katika mkutano. Mnachagua watatu wa kwenda kumwona mkuu wa shule: kuna njia 120. Mnachagua mwenyekiti, katibu na mtunza fedha: kuna njia 720. Watu ni wale wale kumi, nafasi ni zile zile tatu. Anayefanya mazoezi ya fomula moja kwa wiki nzima hatambui tofauti hiyo, kwa sababu hakuwahi kulazimika kuitafuta. Doug Rohrer na Kelli Taylor, wa chuo kikuu cha South Florida, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2007, wakitumia maswali ya ujazo wa maumbo manne. Wakati wa mazoezi, waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89, na waliochanganya asilimia 60. Wiki moja baadaye waliitwa kwenye mtihani. Wa aina moja moja walipata asilimia 20. Waliochanganya, 63. Mwalimu aliyewatazama wakati wa mazoezi angewapongeza wale walioelekea kushindwa, na angewakemea wale walioelekea kufaulu! Walimu wenzangu, nasi tulione hilo tunaposahihisha.

Ndiyo maana itemu za miaka iliyopita ni hazina, mkizitumia inavyopasa. Kijana anachukua kitabu cha itemu, anasoma swali, anatazama jibu nyuma, anasema "eeh, ni kweli", anaenda kwenye swali linalofuata. Hivyo anaweza kumaliza miaka mitano ya itemu katika siku moja na asijue kitu. Funika majibu. Andika lako kwanza, pamoja na sababu. Na usitosheke kujua kwamba jibu la tatu ndilo sahihi. Sema kwa nini lile la kwanza si sahihi, na la pili, na la nne. Itemu moja iliyofanywa hivyo inakupa masomo manne.

Na makundi ya kudurusu? Mimi nayapenda, lakini si yote. Kuna kundi ambalo mmoja ameshika chaki na wengine wananakili. Hilo ni darasa lisilo na mwalimu. Kuna kundi linaloanza saa nane na mpaka saa kumi bado linazungumzia timu ya mpira ya Mazembe. Karibu na kwangu kuna wasichana wanne ambao hukutana chini ya mwembe, na sheria yao ni kwamba kila mmoja huja na maswali yake, wala hakuna anayeruhusiwa kufungua daftari mpaka wote wanne wameandika jibu. Ndipo wanafungua na kugombana. Ukipita hapo unasikia kelele, na unaweza kudhani wanacheza.

Sasa nije kwenye jambo la giza, maana naliona katika nyuso za wazazi. Umeme unakatika. Wakati mwingine mtaa mzima unalala gizani kwa siku kadhaa, na mtoto anasema: ningesomaje? Ni shida ya kweli, na sitaifanya ndogo. Lakini angalieni: kusoma kunahitaji mwanga, kujiuliza hakuhitaji. Soma mchana, au jioni kabla jua halijazama, kisha giza likiingia keti au lala chali ujiulize: leo nilisoma nini? Hatua za mgawanyiko wa seli ni zipi, kwa mpangilio gani? Mahali unapokwama, pashike. Kesho asubuhi kukipambazuka, kitu cha kwanza ni kufungua daftari pale pale. Vilevile njiani kwa miguu kutoka Katuba kwenda shuleni, vilevile kwenye foleni ya maji. Wenye taa ya sola wana bahati, lakini nimewaona wenye taa ya sola wakisoma usiku kucha bila kujiuliza swali hata moja.

Hapo sasa nawageukia wazazi moja kwa moja, na viongozi wa dini watanivumilia. Usiku kucha. Wiki ya mtihani watoto wetu hawalali. Wengine wanasoma mpaka alfajiri, wengine wanapelekwa kwenye mkesha wa maombi, wengine wanafanya yote mawili. Huko nyuma mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach, wa chuo kikuu cha Cornell, waliwafundisha wanafunzi wawili orodha za silabi, kisha mara nyingine wakawaacha walale na mara nyingine wakawaacha macho kwa muda ule ule. Walipolala walikumbuka zaidi, tena zaidi sana. Tafiti nyingi zimefuata tangu wakati huo, nazo zimezidi kuonyesha kwamba kichwa kilicholala kinaendelea kuyaweka sawa yale kiliyoyapokea mchana. Kwa hiyo mtoto anayekesha siku moja kabla ya itemu za sayansi anaongeza kurasa chache na kutikisa yale ya miezi mingi. Baba mchungaji, baba padri, fanyeni mkesha, lakini ufanyike wiki moja kabla, na usiku wa mtihani wazazi ndio wakeshe kwa niaba ya watoto. Mungu anasikia hata maombi ya mzazi.

Na mama, na baba, nina neno la pili kwenu, ambalo si la kisayansi. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kijana mfinalisti akirudi shuleni anaambiwa nenda ukasome. Dada yake mfinalisti akirudi shuleni anaambiwa maji yamekwisha, washa makala (makaa), songa bukari (ugali), osha vyombo, kisha ukasome. Anapofungua daftari ni saa tatu usiku, amechoka, na wote wawili wanakaa mtihani ule ule mwezi wa sita, katika baridi ile ile. Sisemi msichana asipike. Nasema vyombo vya miezi mitatu hii vinaweza kuoshwa na mikono zaidi ya miwili, na mikono ya kijana haina ugonjwa. (Akina mama walipiga makofi, akina baba wachache pia.)

Jambo dogo kuhusu majibu yanayouzwa. Yataanza kuzunguka katika WhatsApp wiki ya mtihani, kama kila mwaka, na yatakuja na bei. Itemu hutolewa katika mifululizo mbalimbali, hivyo hata jibu lililo sahihi kwa jirani yako linaweza kuwa kosa kwako, sembuse la mtu usiyemjua aliyelituma usiku kwa wafinalisti wa jimbo zima. Mzazi anayetoa fedha hizo anamwambia mtoto wake, bila kufungua kinywa, kwamba hamwamini. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Namalizia kwa yale ambayo kamati imekubali tukiwa tunakaa hapa. Kuanzia Jumamosi ijayo ukumbi huu utafunguliwa kwa wafinalisti wa shule zote, siyo za parokia peke yake, saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Mwalimu wa hisabati, wa Kifaransa na mimi tutapokezana. Hatutafundisha somo jipya wala hatutaandika kitu ubaoni. Kila kijana aje na maswali kumi aliyoyatunga mwenyewe katika masomo aliyoyapitia wiki hiyo, kila swali juu ya karatasi yake, jibu likiwa nyuma. Maswali yatakusanywa mlangoni, yatachanganywa, na kila mmoja atajibu ya wenzake. Atakayefika bila maswali hatafukuzwa. Ataketi kwenye benchi lile la nje, pale kwenye jua, aandike kumi kwanza. Daftari zote zitabaki kwa mama mwenye kutunza mlango, nazo mtazipata saa sita.